Glavu ya Pili

Jumatatu, 4 Agosti
Mbio mpaka kiwandani Ngombezi na kurudi. Mkonge kulia, mkonge kushoto, mfalme katikati. Bondia namba moja hapa ni mimi. Namba mbili hayupo.

Glavu ya kwanza navaa mwenyewe, kamba nakaza kwa meno. Ya pili inataka mtu. Nimepiga begi kwa mkono mmoja. Hiyo kazi ni ya Athumani, kila Jumamosi akishuka na basi la Handeni. "Lete mkono." Anakaza, anapiga kofi juu ya glavu, tunaanza kutwangana. Sasa mwandaaji wa mapambano katupanga sisi kwa sisi, tarehe 16. Mpinzani haji kukufunga glavu.

Alhamisi, 7 Agosti
Kocha alihamia Arusha, akaniachia begi na kikohozi chake. Nani atakaa kwenye kona yangu, anifunge glavu na kunifuta damu? Nimemwomba Mama Neema, jirani. Anasema damu anaiogopa hata ya kuku. Nimecheka sana. Nimekula ugali peke yangu, sufuria nzima. Bingwa hagawi.

Ijumaa, 15 Agosti
Kupima uzito, Korogwe. Nimetamba, ndiyo kazi. Kesho namrudisha Athumani kwao ndani ya kiroba. Watu hoi kwa kicheko. Yeye kaangalia mikono yangu, kauliza taratibu, "Nani anakaa kona yako?"

Nikasema ninao wanne. Sina hata mmoja.

Jumapili, 17 Agosti
Jana mwamuzi kasema bila mtu wa kona hakuna pambano. Ukumbi unazomea. Athumani akavuka ulingo, mikono bado mitupu. "Lete mkono." Kakaza zote mbili, kofi juu. Halafu akanipa mjomba wake akae kona yangu. Mzee ananinywesha maji huku anamshangilia mpwa wake.

Raundi ya tano nikampasua nyusi. Mwamuzi akasimamisha. Nimeshinda. Mkanda kiunoni, nikabebwa juu kama bwana harusi.

Mjomba alimkimbilia mpwa, wakaenda kushona. Walionibeba wakanishusha, wakaenda zao. Hakuna aliyekumbuka kunifungua. Nimerudi kwa bodaboda na glavu zangu mikononi. Dereva kaniita bingwa, kajichukulia nauli mfukoni mwangu, kaondoka. Mimi huyo mlangoni. Ufunguo mfukoni, vidole gerezani. Nimeguguna kamba mpaka fizi zikatoa damu.

Pambano zima sikutoka damu.

Jumatano, 20 Agosti
Mkanda uko ukutani. Mzuri. Nimeusalimia asubuhi.

Jumamosi, 23 Agosti
Nimemsubiri stendi Korogwe. Basi la Handeni limeshusha watu wote, yeye hayumo. Nikapanda hilohilo likirudi.

Kwao nimempa mama yake shikamoo, kaniitikia bila kuniangalia. Athumani yuko uani, nyuzi juu ya jicho. Nikamwambia leo atapiga yeye, mimi napokea tu. Nikashusha glavu zake msumarini.

"Lete mkono."

Kakawia. Kaleta.