Chuo Yetu, Chuo Chetu

Jumatatu, 12 Mei
Insha za mwaka wa kwanza tangu asubuhi. "Kiti yangu imevunjika." "Kitabu yake ilipotea." Nimezungushia yote wino mwekundu hadi kalamu ikakauka. Mvua ya Dundori haikomi, tope limeingia hadi darasani. Saa nne Mkuu wa Chuo akaniita. Mwezi ujao tunakabidhiwa hati, tunakuwa chuo kikuu. Wageni wakubwa watatoka Nairobi. Nipitie kila neno la Kiswahili litakalosomwa au kuimbwa siku hiyo, tusije tukaaibika. Nilifurahi. Hatimaye mtu amekumbuka kwamba chuoni kuna mwalimu wa Kiswahili.

Jumatano, 14 Mei
Nimefika kwenye wimbo. Ule wa shambani. Kila Ijumaa baada ya chakula cha mchana, wanafunzi kwa walimu, tunalima viazi vya jikoni tukiuimba. Mwalimu Tabitha aliutunga chuo kikiwa bado mabanda mawili ya mabati, na haujabadilika:

Chuo yetu ya mlimani,
ilianza na jembe moja.

Jembe linapanda kwenye "yeee", linashuka kwenye "tu". Mimi mwenyewe niliuimba nikisomea cheti hapa, na yeye ndiye aliyenifundisha. Leo nimeuandika upya. Chuo chetu cha mlimani, kilianza na jembe moja. Kazi ya dakika chache. Nilisikia raha kama mtu aliyeng'oa mwiba.

Ijumaa, 16 Mei
Shambani. Wanafunzi wamejaribu maneno mapya. Chu, che, cha. Msichana mmoja akasema, "Mwalimu, hii ni kama mtu anakatakata sukuma wiki." Wakacheka hadi majembe yakasimama. Nikawafokea. Nikawauliza kama wanataka wageni waende wakaseme chuo kizima hakijui Kiswahili. Wamelima kimya mpaka mwisho wa mistari, kama watu waliopewa adhabu.

Sikuwaambia habari ya Mombasa. Siku yangu ya kwanza ya uzamili nilisimama mbele ya darasa nikasema "kitabu yangu". Mtoto wa bara, wa Gilgil, ningesemaje? Hadi nahitimu jina langu lilikuwa Kitabu Yangu. Hata mpishi wa bweni aliniita hivyo akinipakulia maharagwe.

Jumanne, 27 Mei
Programu ya sherehe imetoka kwa mchapishaji. Ukurasa wa tatu: Wimbo wa Chuo. Mtunzi, Dkt. Kariuki. Jina la Mwalimu Tabitha halipo popote. Si mimi niliyeandika. Karani wa Mkuu aliona jina langu juu ya karatasi niliyompa, akadhani.

Huo ni uongo nusu. Wiki iliyopita nililetewa rasimu yake niihakiki. Niliona jina langu pale. Nikasahihisha nukta moja ukurasa wa pili, nikairudisha.

Ijumaa, 6 Juni
Mkuu anataka Mwalimu Tabitha aongoze wimbo siku ya sherehe, na mimi ndiye nimpelekee maneno. Nimekuwa nikimkwepa tangu Mei. Nimemkuta nyumbani kwake akikama ng'ombe. Akaniita Kariuki kama siku zote, akanitengenezea chai ya maziwa matupu, akauliza kama mama yangu bado anasumbuliwa na goti. Kisha akavaa miwani akasoma. Akasoma tena. Midomo ikawa inajaribu polepole: chetu, cha, ki.

"Kumbe nimefunza watoto makosa miaka hii yote," alisema.

Hakukasirika. Afadhali angenitukana. Nikamwambia si makosa makubwa. Si makubwa! Mdomo wangu huu. Programu ilikuwa ndani ya koti na sikuitoa. Nilipoaga akanisindikiza hadi langoni, akasema, "Asante, Daktari." Tangu anijue hajawahi kuniita hivyo.

Ijumaa, 13 Juni
Imepita. Mahema meupe, bendi, hotuba ndefu. Hati ikainuliwa juu, watu wakapiga makofi, tukawa chuo kikuu. Kisha wakamwita Mwalimu Tabitha. Akapanda jukwaani na gauni lake la kanisani, programu mkononi. Nilimwona akifika pale penye jina langu. Alituliza macho hapo kidogo, kisha akashika maikrofoni.

"Chuo..." Akasimama. Akatazama karatasi. "Chuo..." Akanitafuta kwenye viti vya mbele, akanitazama. Hakuwa na hasira. Ni vile mtoto aliyesahau jibu anavyomtazama mwalimu. Mimi nikatazama viatu vyangu. Akaomba radhi, akasema Kiswahili chake ni cha kizamani, akashuka ngazi akishikilia chuma. Kwaya ikaimba badala yake. Hakuna kosa hata moja.

Baadaye mgeni mmoja akanipa mkono, akasema nimetunga wimbo mzuri. Nikasema asante. Mwalimu Tabitha alikuwa ameshaondoka bila kula.

Jumamosi, 14 Juni
Naona aibu. Sina neno lingine, na maneno ndiyo kazi yangu. Nilichekwa Mombasa, nikaubeba ule mcheko miaka yote, nikaenda kuutua mlangoni kwa mama aliyenifundisha kushika jembe. Sijatoka nyumbani leo.

Jumatatu, 16 Juni
Nimeenda kwa Mkuu. Nimemwambia mtunzi ni nani, na kwamba maneno yake yarudi. Amenisikiliza vizuri. Akasema wimbo umeshachongwa kwenye jiwe la lango kuu, na jina langu chini yake, na fundi ameshakwenda zake. Nimepita hapo jioni. Herufi zimenyooka kweli. Nimeingia chuoni kwa mlango wa nyuma, kule kwenye zizi la ng'ombe.

Jumapili, 22 Juni
Baada ya kanisa nilikwenda kwa Mwalimu Tabitha. Nikamwambia yote: programu niliyoiona mapema nikanyamaza, jiwe, Kitabu Yangu. Aliendelea kumenya viazi. Hakusema amenisamehe, wala hakusema hapana. Aliniuliza tu kama waliwahi kuacha kuniita hilo jina. Nikasema hapana.

Akapakua. Katika nyumba ile anayeomba ni yeye, na huomba hadi chakula kipoe, kila mtu anajua. Leo akaketi, akakunja mikono.

"Omba wewe, Daktari. Wewe ndio unajua maneno."

Nikafumba macho. Nikasema, Baba, bariki hii chakula, na mikono imeitengeneza. Nikajisikia nikisema. Sikurudi nyuma kusahihisha.

"Amina," akasema. Akanisogezea sahani. "Kula, Kariuki. Itapoa."