Kamera Haiko Tena Ulivyoiacha

Mwaitu,

Kuna kitu sijamwambia mtu yeyote. Walipokuwa wakikushusha kaburini, mimi nilikuwa napima mwanga.

Sikupanga. Nilisimama karibu na Baba, jua la alasiri limeanza kuinama, na nyuma ya pasta kulikuwa na hema jeupe. Nikawaza, hilo hema litaidanganya kamera. Itafikiri mwanga ni mwingi, itaupunguza, na nyuso zote zitatoka nyeusi kama chini ya sufuria. Yule kijana wa picha aliyeletwa na kamati ya mazishi alikuwa amesimama upande mbaya, jua liko mbele yake, anabonyeza tu. Picha zilipoletwa, pasta hakuwa na macho wala pua. Shangazi alikuwa kivuli kilichoshika leso. Nilikuwa nimeona sawa. Hicho ndicho kitu pekee nilichohisi siku zile zote, kwamba nilikuwa nimeona sawa kuhusu hema.

Machozi sikutoa, na watu waliona. Shangazi aliwaambia wenzake kwenye moto wa kupikia, "Huyu mtoto wa marehemu ni mkavu." Baba alikuwa nyuma yake amebeba viti. Alisikia. Aliviweka chini, akaenda kuleta vingine. Tangu siku hiyo ananiangalia kama vile anavyomwangalia mteja aliyeingia dukani akasahau alichokuja kununua. Anangoja niseme. Mimi sisemi.

Mbali na hilo Mwaitu la kukuita mama, nakuandikia kwa Kiswahili, kwa sababu Kikamba nikikiandika nitasikia sauti yako, na bado siwezi. Kiingereza nacho ni cha kile kitabu cha kamera, kile ulichonipa nikusomee ukikata sukuma wiki. Nilikuwa nasoma "shutter", wewe unasema hiyo ni kope. Inafunga na kufunguka, si basi ni kope? "Aperture" ukaiita mboni. Hiyo ISO ulisema ni chumvi, unaongeza pale mwanga hautoshi, na ukizidisha unaziona chembe kwenye picha. Klabu ya picha shuleni nilisema chumvi mbele ya watu. Walicheka mpaka mwalimu akagonga meza. Sikukuambia. Nilirudi nyumbani nikaendelea kusema chumvi.

Acha nikuambie yaliyobadilika. Duka Baba bado analifungua, lakini redio ya duka haiwashi ikiwa kuna mpira. Nguo zako za kanisa ziko pale pale kabatini. Mimi ndiye nakanda unga wa chapati, na zinatoka ngumu, na Baba anazila. Wale vijana wa boda hapa Kwa Vonza hawanitanii. Wananipa salamu za chini chini, kama mimi ni mzee. Unamkumbuka yule mrefu aliyekuwa anakusumbua kila mechi ukipiga picha, "Mama, nipige na mimi, niko single"? Ukamjibu bila hata kutoa jicho kwenye kamera, "Wewe hujatoka jasho, sina kazi na wewe." Sasa huyo ndiye ananyamaza kuliko wote.

Na kamera. Tulipotoka mazishini Baba aliiweka kabatini, ndani ya begi lake, juu ya zile nguo. Akasema, "Isiguswe. Ikae vile aliiacha." Na mimi nilielewa, kwa sababu hata mimi nilitaka ikae vile.

Unajua uliiachaje? Mimi najua. Mara ya mwisho tulikuwa kwenu Nunguni, mbio za nyika za shule, ukungu umeshuka mpaka kwenye migomba. Figo zilikuwa zimeanza kukushinda, miguu imevimba, umekaa kwenye kiti cha plastiki na sweta ya Baba. Ulipandisha chumvi mpaka elfu moja mia sita. Kope mia tano. Mboni nne. Ukasema zaidi ya hapo watoto watatoka kama wamemwagiwa mchanga. Ulipiga hadi yule msichana wa mwisho aliyekuwa anatembea, halafu ukanipa kamera nishike, na hukuichukua tena. Zile namba ndizo kitu cha mwisho vidole vyako vilifanya kwenye kile chombo. Wewe hukuwa unakubali kamera ijiamulie yenyewe, kwa hivyo zilibaki vile, hakuna wa kuzibadilisha.

Sasa nikuambie la Jumamosi.

Mwalimu wa michezo aliniita. Alisema ni fainali ya wasichana, uwanja ni huu wetu, na timu haina mtu wa kupiga picha. Hakusema "kwa sababu mama yako". Aliangalia viatu vyangu akasema nifikirie. Baba alikuwa anaenda Kyuso kununua ndengu, alale huko, arudi leo Jumapili. Nilifikiri usiku mmoja. Asubuhi pikapu ilipotoka, nilifungua kabati.

Nakuambia wewe kwa sababu ni wewe. Sikwenda kwa sababu nilikuwa na huzuni, wala kwa heshima yako, vile watu wangependa kusikia. Nilikwenda kwa sababu nilitaka kupiga. Na hapo ndipo naogopa. Baba akijua niliitoa, ataona ni kama Shangazi alisema. Kwamba hata kile kidogo kilichobaki cha mama yake, mtoto mkavu amekigusa akaenda nacho mpirani.

Nilikaa mahali pako, pembeni kushoto mwa lango lao, chini kabisa, goti kwenye vumbi. Jua mgongoni. Macho yote mawili wazi, la kulia kwenye kamera, la kushoto likiangalia nani anakuja. Nilifanya kila kitu ulichonifundisha, isipokuwa kimoja. Sikugeuza namba.

Mwaitu, jua la Kwa Vonza lile la saa nane, na mimi nina chumvi ya ukungu wa Nunguni. Nilijua. Si kwamba nilisahau. Kidole kilienda kwenye gurudumu la namba kikakaa pale juu, kikakataa. Nilijiambia nikigeuza, umeisha. Kwa hivyo nikapiga hivyo hivyo. Sikuangalia kioo cha nyuma ya kamera, maana wewe ulisema mtu akiangalia kioo na mpira unaendelea, anaangalia mechi ya jana. Nilipiga karibu kipindi chote cha kwanza nikijua ninapiga weupe mtupu.

Halafu Mutheu akafunga. Nahodha wako, yule wa soksi moja juu moja chini. Alikata beki mmoja kwa ndani, akapiga chini kwenye pembe. Na akaja. Unajua vile alikuwa anakuja kwako kila akifunga, anakimbia amefunika jicho moja kwa kiganja akikuiga, na wewe unacheka huku unabonyeza? Alikuja hivyo hivyo. Mkono ulikuwa umefika kwenye jicho. Nusu ya njia akaona ni mimi.

Mkono ulishuka polepole. Alisimama pale, wenzake wanamrukia mgongoni, na yeye anaangalia mahali nilipokaa, si mimi, mahali. Sijawahi kuona uso kama ule. Ule uso wa kwanza kabisa, kabla mtu hajaupanga. Nilifikiri, hicho ndicho watu wanangoja kwangu. Kumbe kinakaa hivyo. Nilibonyeza mpaka wakarudi katikati.

Na zote ni nyeupe, Mwaitu. Nimeziangalia moja moja. Kuna alama ya kijivu mahali lazima palikuwa na nywele zake. Basi.

Mapumziko alikuja na chupa ya maji, akainama juu ya bega langu, jasho lake likanidondokea. Nikampa kioo aone. Nilingoja aulize nina shida gani. Aliangalia akasema, "Hii ni ukungu." Kisha akanywa maji, akatema, akasema, "Rekebisha basi. Mimi naweza kufunga ingine, lakini si kumi."

Nilirekebisha.

Nilishusha chumvi hadi mia moja. Kila hatua lile gurudumu linatoa mlio kidogo, na nilikuwa nasikiliza kila mlio nikingoja kitu. Sijui nini. Nikapandisha kope hadi elfu moja, nisipite hapo, ili nyuso zetu zisizame kwenye giza na jua hilo. Mboni sikuigusa, nne ilitosha, wale wa kukaa tu kule nyuma wapotee. Nilipomaliza, nilingoja. Hakuna kilichotokea. Ndege walikuwa kwenye mwamba wa lango, mwalimu alikuwa anakata machungwa. Kamera ilikuwa tu kamera yenye namba nzuri.

Ningependa kukuambia alifunga ingine. Hakufunga. Wale wa kutoka ng'ambo ya mto walisawazisha, halafu dakika za mwisho wakapata kona, kipa wetu akaupangua mpira ukamrudia mtu wao mguuni. Tulishindwa. Wazazi walianza kukunja viti kabla hata ya kipyenga.

Kipyenga kilipolia sikushusha kamera. Uliniambia huko ndiko picha ziko, baada, wakati kila mtu mwingine anafungua begi. Mutheu alikuwa amekaa kwenye sita, kile kiboksi kidogo cha kipa, mpira katikati ya miguu, vumbi usoni limechorwa mistari ya jasho. Hakuwa analia. Aliinua kichwa akaniangalia, na safari hii aliniangalia mimi. Uso na mpira, vyote viwili, kama ulivyokuwa unadai. Ngozi yake ina mwanga. Unaona hadi kope zake, zile za kweli. Nyuma kule hakuna mtu, ni rangi tu.

Ni picha nzuri. Siringi. Naisema vile ningesema chapati imeiva.

Niliiangalia jana jioni nikiwa nimekaa kitandani. Nilidhani sasa ndiyo itakuja, hii kitu watu wanayo. Haikuja. Ila nilikumbuka ile siku ulinifundisha kumfuata mtu kwa kamera, kope ya sitini, taratibu, geuka na kiuno si mikono. Hakukuwa na mwanariadha, kwa hivyo Baba akajitolea na baiskeli na gunia la ndengu kwenye keria. Alipita barabarani, akarudi, akapita, mpaka majirani wakatoka kuuliza amepoteza nini. Akawajibu ametafutiwa kazi ya modo, ya kupigwa picha. Ulicheka ukakaa chini. Ile moja iliyotoka, barabara yote ni mistari, na uso wa Baba umetulia katikati, meno yote nje. Nilisahau anaweza kucheka hivyo. Nimekaa nikafikiri, yeye naye hajalia mbele yangu. Labda naye kuna mtu anamwita mkavu.

Leo asubuhi sikwenda kanisani. Nilikaa na kamera mezani. Nikuambie nilichofikiria. Namba zako nazijua. Chumvi elfu moja mia sita, kope mia tano. Dakika moja tu ninazirudisha, nafuta picha, naweka kamera juu ya nguo, nafunga kabati. Baba hajui kusoma zile namba. Hatajua milele. Nilishika gurudumu kabisa. Nikageuza hatua moja, nikarudisha.

Maana hazingekuwa zako. Zingekuwa vidole vyangu vinaigiza. Na kila Baba akifungua kabati angeangalia kitu ambacho mimi nimekitengeneza, akidhani ni wewe. Hiyo siwezi kumfanyia. Bora ajue haiko tena ulivyoiacha, anikasirikie, anyamaze wiki nzima kama anataka. Bora nimwambie namba zako kwa mdomo, azijue, maana sidhani kuna mtu amewahi kumwambia kulikuwa na namba.

Kwa hivyo hii ndiyo ahadi, na ni ndogo. Nitageuza namba kulingana na siku ilivyo. Nikienda Nunguni kwenye ukungu nitapandisha, nikirudi hapa nitashusha. Sitapiga tena mtu kwa mwanga wa siku nyingine. Na hao wasichana sitawaacha bila picha, hata wakishindwa, hasa wakishindwa. Kama kile kilio kitakuja, kije kinikute kazini. Kama hakiji, bado nitakuwa na wewe kwa njia hii ninayoijua. Pumzika, Mwaitu. Miguu haikuumi tena. Kuhusu Baba, nitajaribu kuanza mimi.

Pikapu imesimama. Nasikia wakishusha magunia, Baba anamwambia dereva apeleke salamu. Siku zote akinikuta nakuandikia huwa naingiza karatasi chini ya kitabu cha fizikia na kukaa kama mtu anayesoma. Sasa ni hatua zake kwenye kokoto, zile za kuvuta mguu mmoja akichoka. Amefika jikoni. Ameita jina langu, mara moja, si kwa nguvu.

Karatasi iko juu ya meza. Kamera iko kando yake, imewashwa, Mutheu yuko kwenye kioo. Mkono wangu uko hapa kwenye kalamu na hauendi popote. Ameshika mlango.

Baba, ingia. Namwandikia Mama. Kaa nikusomee.