Kiti Kimesogezwa Mbele

Kiembe Samaki, Ijumaa

Mdogo wangu Tahir,

Salamu zangu zikukute mzima huko Maskati. Hapa mvua imekatika, na shemeji yako Nadra anakusalimu sana.

Tahir, kuna mtu anaiendesha Pijo yangu kwa siri. Kiti nimekikuta kimesogezwa mbele, kama kwamba dereva ni mfupi, na kioo cha ndani kimeinamishwa. Mimi gari zangu nazijua kwa mgongo, tangu ile Morisi ya marehemu baba. Na hii Pijo, hizi Toyota za siku hizi haziioni ndani.

Nilimshuku fundi Makungu. Nikamgombeza mbele za watu, naye akaapa hajaigusa. Kisha siku moja nikasikia harufu ya udi kwenye kiti cha dereva. Fundi gani anajifukiza udi?

Basi juzi, Nadra alipokwenda arusini, nikaipekua gari. Chini ya zulia nikakuta leseni ya kujifunzia udereva. Niliitoa juani, nikaisogeza mpaka puani, ndipo nikalisoma jina: ni la mke wangu.

Sijamuuliza. Na yeye hajaniuliza vipi niligonga ukuta wa jirani mchana kweupe. Haya mawingu ya machoni nilidhani nimemficha.

Makungu nshamwomba radhi. Leo asubuhi nimempa Nadra funguo, nikazunguka upande wa pili, nikakaa kiti cha abiria.

Anaingiza gia vizuri kuliko wewe.

Kaka yako,
Wakil