Goli Lile Lilikuwa la Nani

Barnaba, mtani wangu,

Barua huanza kwa kuulizana hali. Yako siiulizi, na yangu utaiona humu ndani ukisoma polepole. Ni mimi Kornelio wa Makote, kipa wa Newala, yule uliyekuwa ukimwita mbuzi wa mteremkoni kwa sababu kwetu maji tunayashukia bondeni na kupanda nayo tena. Sikukasirika hata siku moja. Mmakua akimtukana Mmakonde amemsalimia tu, nami nilikuwa na matusi yangu ya kukurudishia. Mengine yalikuwa bado hayajanitoka kinywani walipokuchukua.

Nakuandikia kwa sababu kuna jambo limetokea kwenu Lupaso, mlangoni kwa mama yako. Nililitenda mimi, mbele ya watu, na sitaki ulipate kwa Yakobo. Unajua mwenyewe Yakobo anavyosimulia mambo: yeye huwa katikati.

Kwanza ujue kwamba watu hawajaacha kubishana kuhusu mechi ile. Nilidhani vita vitaumaliza ubishi huo, havikuumaliza. Misheni iliungua, milingoti yetu ya mianzi iliungua, mpira wa ngozi uliotoka pwani ukaungua pamoja na vitabu. Sasa vijana wanachezea donge la utomvu wa porini walilolisokota wenyewe, likikupiga kifuani unaliheshimu wiki nzima. Lakini kila Jumapili baada ya ibada watu wanakaa pembeni mwa uwanja uleule wa Masasi, na kabla hata hawajatulia mmoja anauliza: goli lile lilikuwa la nani?

Unakumbuka. Sisi wa shule ya Newala tulikuwa tumeshuka kucheza na nyinyi wa chuo cha walimu, na nusu ya vijiji ilikuja kutazama. Ulichukua mpira katikati ukaja nao peke yako. Yakobo alikuwa wazi, ameinua mkono kama mtu anayezama, na wewe hukumpa hata jicho. Ulipiga. Niliugusa kwa ncha za vidole, ukagonga mwanzi, ukarudi, na Yakobo akausukuma ndani akiwa karibu kuliko mimi na wewe. Tukafungwa hilo moja na mechi ikaisha.

Watu wakaingia uwanjani, na badala ya kuwabeba nyinyi wakavamiana wao kwa wao. Ndugu zako wa Lupaso wakasema bila Barnaba, Yakobo angesukuma nini, upepo? Wayao wa kwa kina Yakobo wakajibu kwamba mpira uliogonga mwanzi hauhesabiwi, anahesabiwa aliyeingiza. Akina mama waliokuwa na mitungi ya maji wakaitua wakajiunga. Mwisho wakanivuta mimi: "Wewe ulikuwa golini, sema." Nikawaambia goli lile ni langu, maana hakuna aliyelihangaikia kuliko mimi. Ulicheka mpaka ukakaa chini. Nilikuona hivyo na sikukuona tena ukicheka.

Maana kabla ubishi huo haujapoa, habari za maji ya dawa, yale ya kuzuia risasi, zikafika kwetu. Wenye kuyaamini wakapita na moto, mapadre wakakimbilia pwani, kisha wakaja askari wa Mjerumani na mizigo yao, wakitafuta wa kuibeba. Walipita Lupaso mchana. Urefu wako, ambao golini ulinitesa, siku hiyo ulikutesa wewe, kwa kuwa walichagua warefu kwanza. Mama yako alikuwa anachemsha muhogo. Alikukimbilia nao ukiwa kwenye jani, wa moto, ukimwunguza mikono, na askari mmoja akamsukuma kwa kitako cha bunduki ukamwagika njiani. Sikuwapo. Nimeusikia mkasa huu kwake mara nyingi mno, na kila mara anaumaliza kwa maneno yaleyale: "Aliondoka bila kula."

Baada ya mvua akarudi mpagazi mmoja mliyekuwa naye. Alisema homa ilikuangusha mbali huko, upande wa machweo, ukashindwa kuamka, mzigo wako akapewa mwingine na msafara ukaendelea. Mama yako akamwuliza kama aliona kaburi. Hakuona. Akamwambia, "Basi nyamaza," akaendelea kutwanga.

Hakunyoa nywele, hakutandika mkeka, na matanga hayakuwekwa. Mjomba wako alijaribu kusema akajibiwa kwamba mtu aliyetumwa mzigo hukawia. Ukapita mwezi, na mwingine, na katikati yake ikaja njaa. Mashamba yalikuwa yameungua, maghala pia, na mazao yaliyosalia askari waliyabeba. Tukaingia porini kuchimba ming'oko, vile viazi vya mwituni, kama mababu, watu wazima wanagombania mashimo na nguruwe. Sikufichi, nimepungua. Ungeniita mbuzi tena ungekuwa unanisifu.

Sasa nisikilize vizuri, maana hapa ndipo penye jambo lenyewe. Mama yako alikuwa akichimba ming'oko yake, akichemsha, na kitu cha kwanza anajaza kibakuli chako, kile cha mti chenye ukingo uliomeguka. Anakifunika kwa jani na kukiweka kando ya mlango. Anachokula mwenyewe ni mabaki. Asubuhi kile chako kimechacha, anakimwaga, anakwenda porini kuchimba tena. Hakumpa mtu, hata mjomba wako. Mikono yake ikawa myembamba mpaka bangili zikawa zinashuka na kupanda zenyewe. Alikuwa anakufa, Barnaba. Alikuwa anakufa kwa ajili ya kukutengea chakula, na kila aliyemwambia ale alimtazama kama mwizi.

Jumapili alikuwa anakuja uwanjani. Hajui mpira, hilo unalijua, alikuwa akiuliza kwa nini watu wazima hawapewi kila mmoja wake. Lakini anakaa karibu na wabishi, anasikia jina lako likitupwa huku na huku, mwingine amekasirika mpaka anasimama, na uso wake unapoa. Aliwahi kuniambia, "Watu hawagombani na mtu ambaye hayupo." Hasira zilinipanda, na sikujua namkasirikia nani.

Mjomba wako akaja Makote kunitafuta. Alisema ndugu wamekwama, ndugu wote wanalia tu, sasa waje watani. Ataweka matanga, mama yako atake asitake. Akaomba ruhusa kwa akida, maana siku hizi watu kukutana ni kosa mpaka uombe. Akida akakubali akamtuma askari aje kusikiliza tutakayosema.

Nikashuka na wenzangu wa Newala. Tukamkuta amekaa kizingitini, nywele zake ziko vilevile, kibakuli kando yake. "Shikamoo, Mama Barnaba." "Marahaba, mwanangu. Barnaba hajarudi, lakini kaeni." Alitukaribisha kama wageni wa mchana wa kawaida. Nilikuwa nimekuja na matusi yangu yote tayari, tangu njiani nayapanga, nikaishia kusema asante.

Tulikaa. Mtani anatakiwa kumcheka marehemu msibani, na hapa palikuwa na msiba ambao mwenyewe hakuukubali. Nikimcheka mtu ambaye mama yake anamsubiri, nimemtukana kweli. Hakuna aliyethubutu kuanza. Askari alikuwa ameegemea kibanda cha kuku, kisicho na kuku, bunduki mkononi, anatutazama mmoja mmoja.

Mwishowe watu wakafanya wanachokijua. Mmoja wa Lupaso akasema goli lile lilikuwa la Barnaba. Wa kwa kina Yakobo wakajibu. Yakobo mwenyewe alikuwapo, alinyamaza, nami nilishangaa kwamba anaweza. Mwanzoni ilikuwa kama Jumapili zote. Nikaona mama yako ameinua kichwa anasikiliza. Kisha sauti zikabadilika. Mmoja wa Lupaso akasema nyinyi Wayao mlizoea kuvuna msichopanda, hata vitani mlikaa pembeni mkingoja mshindi. Na kutoka upande wa pili mzee mmoja akanyanyuka, akasema afadhali waliokaa pembeni kuliko wale ambao—

Akaishia hapo. Sote tulijua neno lililobaki. Kuliko wale waliokunywa maji. Lingetoka, askari angeuliza ni akina nani, na angekuwepo wa kuonyeshwa kidole, na mti wa kumtundikia usingekosekana. Tumeona. Askari aliacha kuegemea. Watu wote pale walikuwa wanatazama mdomo wa mzee yule, na mzee anatazama chini, na midomo yake bado inacheza.

Nikasimama. Sijui kama ilikuwa ujasiri, nadhani ilikuwa hofu tu iliyokosa pa kwenda. Nikaenda moja kwa moja mpaka kizingitini, nikachukua kibakuli chako, nikafunua jani, nikaanza kula.

Nikasema kwa sauti, mdomo umejaa: "Marehemu alikuwa mchoyo. Watu wameinua mikono uwanja mzima, yeye yuko na mpira wake. Na njaa yote hii ametuwekea kibakuli tukitazame. Hakunipa akiwa hai, leo nachukua."

Unajua sheria yetu kuliko mimi. Chakula cha marehemu mtani anakipora, na hadaiwi. Chakula cha aliye hai akikichukua ni mwizi, na kumwibia mama wa watu wakati huu wa njaa, afadhali aliyechoma nyumba. Nilichokuwa nakitafuna kilikuwa kimoja kati ya hivyo viwili, na aliyejua ni kipi alikuwa mama yako peke yake. Kama angepiga kelele ningetoka Lupaso nikiwa mwizi, na utani wa watu wetu ungefia pale, na yeye angerudi kesho porini kukuchimbia.

Hakupiga kelele. Alinitazama. Ming'oko ilikuwa baridi, ya tangu asubuhi, na ilinikwama kila nilipomeza. Machozi yalikuwa yananitoka na pua pia, niwe mkweli. Kipande kikaniponyoka kikaanguka mavumbini mbele ya miguu yake.

Mama yako akakitazama kile kipande. Akasema, "Kipa gani wewe. Hata chakula hudaki."

Akaendelea, taratibu, kama mtu anayetoa hukumu aliyoifikiria siku nyingi: "Na goli lilikuwa la mwanangu. Huyu Yakobo aliliokota tu."

Yakobo akasema, "Ndiyo, Mama." Akina mama wa nyuma wakaanza kucheka, kicheko kile cha kukosa adabu, na katikati ya kicheko mmoja sauti ikamgeuka ikawa kilio. Kisha wa pili. Kisha yeye. Alilia, Barnaba, alilia kwa sauti ambayo nadhani alikuwa ameikalia tangu siku ile ya muhogo. Na alipokuwa analia akanivuta mkono kwa nguvu ambazo sikujua anazo, akanikalisha kizingitini, akatia mkono wake kwenye kibakuli na kula pamoja nami. Alikula mpaka chini. Alipangusa ukingo kwa kidole.

Askari alimwuliza Yakobo ni ugomvi gani huu. Yakobo akajibu, "Mpira tu, bwana." Akataka aelezwe, akaelezwa, pande zote mbili zikimweleza kwa pamoja, na yule mzee kwa sauti kubwa kuliko wote. Akafikiri, kisha akasema wewe ulipaswa kumpa Yakobo mpira. Hata askari. Sina la kukusaidia hapo.

Kesho yake mama yako alinyolewa. Tulikulalia matanga yako yote kama inavyotakiwa, na nilikutukana mpaka sauti ikakauka. Nilisema ulikuwa unakimbia kama mwanamke mwenye mtungi. Nilisema ulipiga mwanzi makusudi kwa sababu goli ulilionea haya. Kila tusi alinirudishia yeye kwa niaba yako, na ana mdomo, sasa najua ulikoutoa. Nikajikuta katikati ya kukutukana nimegeuka kukutafuta, nione umechukia kiasi gani. Hapo ndipo nilipojua na mimi kwamba hupo.

Njiani kurudi Yakobo alinisindikiza mpaka njia panda. Akaniambia goli bado ni lake, ila Lupaso hatalisema tena. Nilimwambia asiliseme hata Newala.

Kibakuli nimepewa mimi, ndiyo haki ya mtani. Kiko hapa karibu na karatasi hii, na ukingo wake uliomeguka unanikwaruza nikikishika. Sitakitumia kwa chakula changu. Nakuahidi hivi: mvua zikirudi na mtama ukikubali, kila mavuno nitashuka nacho Lupaso kikiwa na kitu ndani, na sitaondoka mpaka kimekuwa kitupu mbele yangu. Nitamtukania mwanawe naye atanitukana, na tutabishana mpaka jua lishuke. Siku nikishindwa miguu nitamtuma mwanangu, na nitakuwa nimemfundisha matusi.

Wakiniuliza golini niliona nini, nitasema lilikuwa lako. Umefurahi? Nilitaka kukuambia ukiwa hai, nikaona utavimba kichwa.

Pumzika huko ulikolala, mahali nisipopajua. Kwaheri, Barnaba. Mama yako amekula.

Mtani wako,
Kornelio