Kashata Amehamia Shika Adabu

Magongo, Changamwe,
Mombasa.
Jumapili, 14 Septemba 2025.

Mpendwa mdogo wangu Dorothy,

Salamu nyingi kutoka kwetu sote. Hujambo? Kifua kimetulia? Mara ya mwisho ulikohoa kwenye simu mpaka nikaona haya kukuongelesha. Nasikia baridi ya huko Toronto haichelewi, basi valia vizuri, usione aibu ya kuonekana mnene. Sisi ni wazima. Goti langu la kushoto linanisumbua kwenye ngazi, lakini nimelizoea. Wifi yako Nyambura hajambo, na mkono wake umepona.

Najua umeshtuka hapo kwenye mkono. Nitafika huko. Nakuandikia barua kwa sababu kwenye simu hunikatiza kabla sijamaliza, kisha unalia, kisha salio linaisha. Karatasi huwezi kuikatiza. Mama mmoja wa kanisani anasafiri Alhamisi, ndiye atakayekuletea.

Habari yenyewe ni hii: mbwa wako Kashata hayuko tena hapa kwetu. Yu hai, anakula, hajapotea. Ila alipo ni mahali ulipokataza. Soma mpaka mwisho ndipo ukasirike.

Unakumbuka ulivyomwacha. Ulimtoa kule kwenye kiwanja cha malori akiwa amefungwa waya shingoni, ukamlea miezi mitatu, viza ikatoka, ukanikabidhi. Ulisema atazoea. Hakuzoea. Kila trela ilipopumua breki hapo barabarani, alijibana nyuma ya tangi la maji akitetemeka na kujikojolea. Na trela hapa Magongo, wajua mwenyewe, hazina mapumziko. Mimi nilikuwa karani wa mizani ya malori miaka thelathini na moja, breki zile sizisikii tena. Yeye alisikia kila moja.

Tulimbembeleza. Hilo ndilo tulilolijua. Nyambura alimpaka mafuta kwenye kovu la shingo, watoto wa ploti nzima wakawa wanampokezana kama kitoto kichanga, na mimi mwenyewe nilikuwa nikimpapasa kichwa kila nikitoka kanisani. Mwezi wa saba Nyambura aliinama kumpa ukoko wa wali, akamshika kichwa kama kawaida, naye akamng'ata. Alishonwa nyuzi nne na akapigwa sindano zote za kichaa cha mbwa, hakuna lililoharibika. Kashata alijificha siku nzima. Nadhani aliogopa kuliko aliyeng'atwa.

Kesho yake mwenye nyumba, Bwana Abubakar, alikuja. Hakupiga kelele. Alisema, "Mzee Gershom, sina ugomvi nawe, lakini hapa pana watoto. Mwisho wa mwezi nisimkute. Nikimkuta nitaita watu wammalize." Sikuweza kumlaumu. Ningekuwa yeye ningesema hivyo hivyo, tena kwa ukali zaidi.

Nikakupigia, nikakuficha habari ya mkono, nikakwambia tu kwamba tumepewa notisi. Nawe ukasema maneno ninayoyakumbuka yalivyo: mpe mtu yeyote anayependa mbwa, popote, ila si nyumba ya Kiislamu, watampiga mawe. Sikukubishia, kwa kuwa nami nilidhani hivyo. Nimeishi pwani tangu mwaka wa themanini na sita, majirani zangu nusu ni Waislamu, na bado nilidhani hivyo. Ni aibu yangu, basi na iandikwe.

Nikaanza kutafuta wapenda mbwa. Unamkumbuka Oduor niliyefanya naye kazi mizani? Siku hizi yuko Bamburi, upande wa machimbo ya zamani, kwake ni kimya kabisa. Na ana roho nzuri, jamani! Walimpokea Kashata kwa shangwe, wakamwogesha kwa shampuu, wakamvisha utepe mwekundu, wakanitumia picha chungu nzima. Katika kila picha pana mkono wa mtu juu yake. Katika ile ya mwisho yuko chini ya gari na hatoki. Siku tatu hakutia kitu mdomoni. Siku ya nne Oduor alimrudisha mwenyewe, machozi yakimlengalenga. Zilikuwa zimebaki siku tisa.

Wiki hiyo hiyo alikuja Mzee Rama kumpa Nyambura pole ya mkono. Rama alikuwa bawabu wetu kazini, Mdigo wa Shika Adabu huko Likoni, sasa amestaafu, analima. Alimtazama Kashata nyuma ya tangi, akauliza, "Anabweka huyu?" Nikamwambia anabwekea kila kitu, hata upepo. "Basi nipe mimi. Tumbili wamenimalizia mahindi."

Nilimwambia waziwazi kwamba nilidhani kwao mbwa ni najisi. Alicheka mpaka akashika mbavu. "Mate yake ndiyo yenye mashaka, yeye hana kosa. Mbwa wa kulinda shamba tumeruhusiwa tangu na tangu. Mimi nataka mlinzi, ndugu yangu, sitaki mtoto wa kulea. Mchanje tu, kisha umlete."

Nilikaa na jambo hilo siku mbili. Sikukupigia. Hilo ndilo kosa langu, wala silikani.

Mwanetu Kefa alitubeba kwa pikapu yake ya mboga, na tukapita barabara ya Dongo Kundu ili kuepuka honi za kivuko cha Likoni. Shamba la Rama liko ndani kabisa, mihogo, mikorosho na mbuzi saba. Nilipofungua kreti, Kashata alitoka mbio akajitia kichakani. Nikaanza kumwita, na Kefa naye anapiga mluzi. Bi Mwanarehema, mkewe Rama, akatuzuia. "Mwacheni, shemeji. Akitaka atatoka mwenyewe. Hapa hakuna aliye na haraka naye."

Akaweka ugali na vichwa vya samaki kwenye chungu kilichovunjika, mbali na jikoni, akageuka akaenda zake. Hakutazama nyuma. Ndivyo anavyofanya asubuhi na jioni mpaka leo. Pale hakuna anayemgusa Kashata. Akikugusa kwa pua yake yenye majimaji ni kuosha mara saba, moja kwa mchanga, na nani ana muda huo? Basi wanampisha, naye anawapisha. Hata jina lake hawalitumii. Rama ananiambia, "Wallahi sisi twamwambia 'wewe' tu, na ajua ni yeye."

Jana nilikwenda kumwona. Zimetimia wiki sita sasa. Nilimkuta amelala. Dorothy, sikuwa nimewahi kumwona mbwa yule amelala. Hapa kwetu alikuwa akijikunja na kufumba macho, lakini masikio yamesimama. Jana alikuwa amelala ubavu kando ya zizi, miguu yote minne ameinyoosha, mbuzi wanamruka. Bi Mwanarehema alipita karibu yake na ndoo ya maji, na hakufumbua hata jicho. Mahindi ya Rama yamesimama, tumbili wamehamia kwa jirani, na jirani ana maneno.

Kisha nikaamkuana na Rama kwa sauti, na Kashata akaisikia. Akaamka, akanitambua, akaanza kutetemeka. Hapakuwa na trela wala breki. Ilikuwa ni mimi. Wajua mimi si mtu wa machozi, lakini niliona uchungu, tena mkubwa. Nikatia mikono mfukoni, nikajifanya naitazama mihogo. Baada ya kitambo akajilaza tena.

Sasa ombi langu. Unakuja Desemba, na umeshaanza kuulizia habari za kumsafirisha kwa ndege. Nakusihi umwache. Nitakupeleka Shika Adabu mwenyewe, utakaa kwenye mkeka, utakunywa chai ya tangawizi, utamtazama kwa mbali ushibe. Nimewaficha wenyeji wetu yale uliyosema juu yao. Hayo utajijua nayo ukiwa na kikombe chao mkononi.

Nyambura anakusalimu sana, na hana kinyongo na mbwa. Kefa anakusalimu, anataka jaketi. Rama na Bi Mwanarehema wanakusalimu ingawa hawakujui, wanasema karibu inshallah. Nasi tunakuombea kwa Mungu akulinde katika zamu zako, akupe usingizi mzuri, na akulete nyumbani ukiwa mzima.

Jambo moja tu, mdogo wangu. Siku hiyo usimwite. Mimi nilipomwita hakuja, kwa Oduor hakuenda, hata kwa Nyambura aliyekuwa akimlisha hakuenda. Wewe uliyemfungua waya ukimwita atakuja, na usingizi ule atauacha kando ya zizi.

Ni mimi kaka yako, akupendaye na anayesubiri kukaripiwa,
Gershom