Miti ya Chini ya Dalle

Siku ya kwanza, 6 octobre

Delphin, weye mutoto niliyezaa, kichwa yako iko nguvu kuliko ile dalle yako, dari ya béton ya nyumba mupya! Fabien masoni alisema nini mbele ya kwenda Marabo? Béton ikauke pole pole. Tuimwangie maji kila asubuhi. Na miti ya kaliptusi yenye kuishikilia kwa chini, mutu asiiguse mpaka yeye arudi. Nilisikia. Sikusoma mingi, lakini mimi si kiziwi.

Leo bwana ya Aimée, jirani yetu hapa Saio, amekufa. Vijana ya avenue wakapita nyumba kwa nyumba, wanatafuta miti ya kusimamisha hangari ya kilio. Delphin akawapa ya chini ya dalle. Karibu yote! Ati mutu wa kilio hanyimwi kitu. Ni kweli, hata mimi sijanyima. Lakini aliwapa miguu ya nyumba.

Siku ya ine, 9 octobre

Solange, binti yangu mwenye kuolewa upande wa Djugu, amefika na watoto. Kwa miguu, wanakimbia vita. Delphin akawatandikia mikeka chini ya dalle — chumba yetu ya mbao imejaa. Nikakataa. Akacheka: mama, béton haiangukake kama avoka toka kwa muti. Mupumbafu.

Siku ya posho, 11 octobre

Ufa. Jana ilikuwa kama uzi. Leo kidole yangu ya mwisho inaingia. Katikati dalle imelegea kama kitanda ya zamani.

Nilienda kwa kilio. Nikapiga magoti mbele ya Aimée — mimi! — nikaomba miti. Hakukasirika. Akanionyesha watu wenye kukaa chini ya hangari, akauliza kama nitaibomoa juu ya vichwa yao. Watamaliza kilio siku ya pili, 14 octobre. Nyuma yangu mama moja akasema koko huyu, bibi muzee, hana haya, mbele ya mufiwa anadai miti. Nikarudi mikono mitupu.

Nikamwambia Solange atoke. Akabaki amelala, anaangalia ufa.

"Mama, nimekimbia masasi ya bunduki. Sitakimbia ciment."

 

Siku ya yenga, 12 octobre

Mvua toka asubuhi. Delphin iko kwa kanisa, anaimba. Maji inapita kwa ufa, inaanguka kwa mukeka ya watoto. Muti moja ya ile iliyobaki imepinda. Nimesikia inalia — krrr. Solange amesogeza watoto kwa kona. Kwa kona! Kwani kona iko na dalle ingine?

Nilivuta mutoto mukubwa kwa mukono, mama yake akamurudisha. Amechoka, binti yangu. Najua. Anaona kila nyumba itamukimbiza.

Kupiga magoti imetosha. Delphin, ukifika usivue hata kiatu: beba vijana, enda kwa kilio, ng'oeni miti yetu. Watu waloane. Watanitukana mimi. Na weye Solange, ninakuja na fimbo. Toka pale na watoto. Sasa.