Mpini wa Pampu

Jumanne, 4 Machi

Tumefika. Watu kumi na wanne, fulana kumi na nne za njano, fundi mmoja tu – mimi. Wengine wamekuja kuwaombea watu na kuwakumbatia. Mafuriko yameacha mstari wa tope kwenye ukuta wa zahanati, juu ya kichwa changu. Na kiongozi wetu – Kipaza, ndivyo ninavyomwita kimoyomoyo – katupanga chini ya mstari huohuo tupigwe picha. Tabasamu, jamani! Nikatabasamu. Nimejichukia mpaka sasa.

Jumatano, 5 Machi

Nimefungua kisima cha zahanati. Loo! Harufu ya choo waziwazi. Vyoo vilifurika vikamwagikia humo. Pampu yenyewe ni ya mkono, mpira wa ndani tu ulikuwa umekufa. Kazi ya asubuhi moja.

Mpishi wa zahanati, mama wa makamo, kanishikia spana muda wote. Mwezi uliopita kamzika mjukuu. Kuhara, siku mbili tu. Kabaki na mmoja, wa kike, haliachii gauni la bibi yake. Nikamwambia: shangazi, nimekuja na klorini. Tutaimwaga, tungoje siku nzima, tuyavute maji yote, tupime. Hapo utakunywa bila wasiwasi. Kacheka, kaniita mwanangu.

Mchana nikafungua sanduku la klorini. Fulana! Mia mbili, za njano!

Kipaza hata hakushtuka. Mzigo ulizidi uzito, eti, ikabidi ile dawa ibaki nyumbani. Watu hawa wamepoteza kila kitu, dada yangu, hata nguo. Nilitaka kumtapikia viatuni.

Alhamisi, 6 Machi

Maduka saba. Klorini hakuna. Labda wiki ijayo, labda. Kuchemsha? Kuni zote zimelowa. Gari la maji huja mara mbili kwa wiki, ndoo moja kila nyumba.

Kipaza anasema uzinduzi ni kesho, mpiga picha keshafika. Nikamwambia maji yale yataua mtu. Tutayaombea, kasema – huku anafungua chupa yake ya maji ya dukani! Mgeni njoo, mwenyeji apone. Sisi tumekuja mwenyeji aumwe. Kinyaa tupu.

Ijumaa, 7 Machi

Asubuhi na mapema nimechomoa mpini wa pampu. Uko ndani ya begi, begi nimelikalia, hapa kwenye ngazi za zahanati.

Saa tatu. Foleni imefika barabarani. Ndoo, madumu, kila mtu na fulana yake ya njano. Kipaza na kipaza sauti chake: maji yapo, ndugu zangu, ila fundi wetu kaficha mpini! Wananisonya. Mmoja katema mate karibu na mguu wangu. Mimi! Wananiona mimi ndiye mchawi!

Gari la maji halikuja jana wala leo.

Mpishi katoka kwenye foleni, mjukuu kamshika mkono. Midomo ya mtoto imekauka, imepasuka. Mwanangu, kaniambia taratibu, nipe huo mpini. Nikamweleza: maji ni yaleyale yaliyomuua mwenzake huyu, dawa haijatiwa. Kasikiliza yote. Kisha kauliza: si ulisema umekuja nayo? Iko wapi?

Nikaitazama fulana aliyovaa. Mpya, bado ina mikunjo ya sandukuni.

Kasimama hapa mbele yangu. Anangoja nimjibu.